Gari Moja, Bei Mbili: Kinachofufuliwa Katika Gari la Misuli la Marekani

Chukua Chevrolet Chevelle SS mbili za mwaka 1970, uziegeshe bega kwa bega kwenye uwanja wa mnada wa magari ya kale huko Marekani. Zote nyekundu, zote zina mistari miwili mieusi juu ya boneti, zote zina injini ya V8 ya lita 7.4 ambayo ikiwashwa unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Rangi ni mpya, viti vimeshonwa upya, bampa zinakuonyesha uso wako. Nyundo ya dalali ikishuka, moja imefika bei ya nyumba. Nyingine imepata nusu ya hapo, pengine pungufu, na mwenyewe anaondoka ameridhika. Mgeni atadhani wanunuzi wana wazimu. Hawana. Kabla ya mnada waliinama na tochi mbele ya kila injini, wakasoma herufi na tarakimu chache zilizogongwa kwenye chuma.

Hiyo ndiyo sababu kufufua magari haya ni shughuli tofauti na kutengeneza gari bovu. Gari bovu likishatembea na kusimama vizuri, kazi imekwisha. Gari la misuli, yaani gari la kawaida lililotiwa injini kubwa na kali kiwandani, linatakiwa pia libaki kuwa lile lile lililotoka kiwandani, na hapo mambo huanza kugongana, kwa kuwa karibu kila hatua inayolifanya liwe zima hufuta kitu fulani kilicholifanya liwe lenyewe.

Tiki kwenye fomu ya oda

Utata wenyewe ulianzia kiwandani. Kwa modeli ya mwaka 1964, kitengo cha Pontiac ndani ya General Motors kilichukua gari la kawaida la familia, Tempest, kikalitia injini ya inchi za ujazo 389, yaani lita 6.4, iliyokuwa ya magari makubwa. Sera ya kampuni haikuruhusu injini kubwa kiasi hicho kwenye gari la saizi ya kati. John DeLorean, mhandisi mkuu wa Pontiac, na wenzake wakapitia mlango wa uani: hawakulitangaza kama modeli mpya, walilitangaza kama nyongeza. Mteja aliongeza kama dola 295 juu ya bei ya kawaida, akaondoka na GTO. Wakubwa walikuwa wameridhia magari 5,000 tu. Mwaka huo wa kwanza yaliuzwa zaidi ya 32,000.

Baada ya hapo kila kampuni ilitaka lake. Oldsmobile ikaleta 442, Dodge ikaleta Charger, Plymouth mwaka 1968 ikaja na Road Runner ya vijana wasio na fedha nyingi, na Ford ilikuwa tayari na Mustang tangu Aprili 1964. Wajuzi watakuambia kwamba Mustang si gari la misuli, ni jamii nyingine. Mafundi hawana muda na ubishi huo. Kutu ni ile ile. Sherehe haikudumu. Bima za vijana zilipanda, sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ikabana moshi, General Motors ikapunguza nguvu za injini zake kuanzia modeli za 1971, na vikwazo vya mafuta vya Oktoba 1973 vikamalizia kazi.

Kwa hiyo magari mengi kati ya haya yalikuwa magari ya kawaida ambayo mteja aliyawekea tiki mahali fulani kwenye fomu. Bodi ya Chevelle SS, ile yenye injini kubwa, ndiyo bodi ya Chevelle Malibu ya mwalimu wa shule. Mtu akinunua Malibu leo, akaitia injini kubwa, mistari na nembo, anapata gari ambalo kwa macho halina tofauti na SS. Wenyewe huliita kloni. Kuwa na kloni si dhambi, na wengi huziuza kwa jina hilo hilo bila aibu. Dhambi ni kuiuza kloni kwa bei ya SS.

Namba

Sisi tuliozoea kuagiza magari yaliyotumika tunajua kwamba namba ya chesisi inaeleza karibu kila kitu. Namba hizo za tarakimu na herufi 17 zilianza na magari ya modeli ya 1981. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na mtindo wake, na tofauti za mitindo hiyo zina thamani ya fedha nyingi leo.

Ford na Chrysler waliweka alama ya injini ndani ya namba ya gari, katika nafasi ya tano. Plymouth au Dodge ya 1970 yenye herufi R hapo ilizaliwa na Hemi, injini kubwa ya Chrysler ya inchi za ujazo 426, na ikiwa bamba la namba ni halali, mjadala umekwisha. Pontiac kuanzia 1966 iliipa GTO tarakimu zake za mwanzo, 242. Chevrolet haikufanya hivyo. Namba ya Chevelle ya 1970 inakuambia mwaka, kiwanda, aina ya bodi, na kwamba gari lilikuwa na V8. Ni V8 gani, haisemi, na kama ni SS, haisemi. Ndiyo maana watu wa Chevrolet hutembea na tochi.

Mbele ya bloku ya injini, upande wa abiria, pale silinda hedi inapoishia, pana sehemu ndogo tambarare. Hapo kiwanda kiligonga alama mbili. Ya kwanza ni ya injini yenyewe. Mfano, T0212CRV: T ni kiwanda cha injini cha Tonawanda, jimbo la New York, 0212 ni tarehe 12 Februari, CRV ni injini ya LS6 ya Chevelle yenye gia za mkono. LS6 ndiyo iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 450, na ndiyo inayosakwa kuliko zote. Alama ya pili ni sehemu ya namba ya gari ambalo injini hiyo ilifungwa. Alama hizo zikikubaliana na bamba lililo kwenye dashibodi, na giaboksi nayo ikawa na namba hiyo hiyo, gari linasemwa lina namba zinazolingana. Bei inaruka.

Penye fedha hapakosi wajanja. Wapo wanaosaga sehemu ile tambarare na kugonga namba wanazozitaka. Mkaguzi mzuri hatazami namba peke yake. Hutazama chuma kilicho nyuma ya namba, kwa sababu mashine ya kiwandani iliyosawazisha uso wa bloku iliacha mikwaruzo myembamba iliyonyooka sambamba, na msasa hauwezi kuirudisha. Hutazama pia tarehe iliyosubiwa pamoja na bloku, yaani ya siku chuma kilipomiminwa kwenye kalibu. Bloku iliyosubiwa Mei haiwezi kuwa imezaliwa na gari lililounganishwa Machi.

Lakini kitu kinachouma zaidi ni kwamba alama hizo mara nyingi hufutwa na watu waaminifu. Injini ya miaka 50 ikishushwa kwa matengenezo makubwa, karakana ya kuchonga vyuma husawazisha uso wa bloku ili gasketi ya hedi ikae vizuri. Kwa injini za Chevrolet, ile sehemu yenye namba iko kwenye uso huo huo. Fundi asiyeambiwa anaipitisha mashine, chuma kinang'aa, injini haitavuja, na thamani ya makumi ya maelfu ya dola imeingia kwenye ndoo ya takataka za chuma. Mwenye gari anayejua analiandika kwenye oda ya kazi kwa herufi kubwa: sehemu hiyo isiguswe. Na hupiga picha kabla injini haijatoka mkononi mwake.

Karatasi nazo zina uzito wake. Viwandani kila gari lilifuatana na karatasi ya maelekezo iliyowaambia wafanyakazi wafunge nini: injini ipi, diferensha ipi, redio au bila redio. Nyingi zilisahaulika ndani ya gari, mara nyingi juu ya tangi la mafuta au katikati ya springi za viti. Kwa hiyo mtu anayebomoa Chevelle hashushi tangi kama anayeshusha gunia. Hulishusha taratibu, na kabla ya kuosha chochote anatafuta karatasi ya kahawia iliyoliwa nusu na panya, kwani huenda ndiyo ushahidi pekee uliobaki. Wenye Pontiac wana bahati zaidi, maana kumbukumbu za kiwanda zilihifadhiwa na mtu anaweza kuagiza nakala ya ankara ya gari lake. Wenye Ford za kuanzia 1967 hupata ripoti kutoka kwa Kevin Marti, mwenye haki ya kutumia takwimu za Ford za uzalishaji. Wa Chevrolet, tangi la mafuta ndilo maktaba yao.

Kutu

Watu huanza na injini kwa kuwa inapendeza kusimulia. Fundi wa bodi atakuambia kwamba injini ni sehemu rahisi: ni chuma kinene, kinachongwa, kinafungwa, kinawaka. Bodi ndiyo inayomaliza fedha, na mara nyingi ndiyo inayoua mradi wenyewe katikati.

Magari haya yalijengwa kwa bati lisilokuwa na kinga ya maana dhidi ya kutu, kisha yakaishi katika nchi ambayo majimbo yake ya kaskazini humwaga chumvi barabarani kila majira ya baridi ili kuyeyusha barafu. Gari lililokulia Arizona linaweza kuwa limekauka rangi na kupasuka viti lakini chini ni zima. Lililokulia Michigan linaweza kung'aa juu na chini ukapitisha kidole. Mnunuzi mzoefu hubeba kisumaku kidogo kilichofungwa kitambaa na kukipitisha nyuma ya magurudumu ya nyuma, chini ya milango, kwenye kona za buti. Sumaku ikikataa kushika, hapo kuna puti, na chini ya puti kuna tundu.

Aina ya umbo inabadilisha kila kitu. Chevelle, GTO na 442 zina chesisi yake peke yake. Bodi inaweza kunyanyuliwa nzima ikawekwa kando, chesisi ikasafishwa na kupigwa rangi. Mustang, Charger na Challenger hazina chesisi ya kutenganisha. Sakafu, mihimili na kuta zimechomelewa kuwa kitu kimoja, kwa hiyo kutu ya sakafu ni kutu ya mifupa. Camaro ya Chevrolet iko katikati, na kipande cha chesisi mbele tu. Ukikata sakafu iliyooza ya Mustang isiyo na paa la chuma bila kwanza kuchomelea mihimili ya muda kwenye nafasi za milango, bodi inalegea na kujikunja kwa uzito wake. Utamaliza kazi nzuri ya kuchomelea, kisha mlango hautafunga, na hakuna bawaba itakayouokoa.

Mustang za mwanzo zina ugonjwa wao maalumu. Chini ya kioo cha mbele kuna mfereji wa kuingiza hewa, uliotengenezwa kwa mabati mawili yaliyochomelewa juu kwa chini. Majani yanaingia, yanaziba, maji yanatuama, bati la chini linatoboka, na mvua inashukia miguuni mwa dereva. Kuona kwenyewe haiwezekani bila kuvunja. Fundi hutoboa vidoti vya kuchomelea kimoja kimoja, vingi, mpaka bati la juu litoke, ashughulikie la chini, kisha arudishe yote. Wengine huziba kwa gundi na kumwachia mnunuzi ajaye. Kwa magari yaliyofunikwa paa kwa vinaili, fasheni kubwa ya miaka hiyo, unyevu ulijificha chini ya kitambaa, na paa likiondolewa nyavu ya kutu ndiyo inayokusalimu.

Hata kusafisha kuna mitego. Kupiga mchanga kwa presha huondoa kutu haraka, lakini kwenye bati pana kama boneti au paa hulikunja likabaki na mawimbi yasiyonyooka tena. Ndiyo maana wengi hutumia mchanga kwenye chesisi peke yake, na bati la nje hulisafisha kwa kemikali au kwa chembe laini zaidi.

Halafu swali linafika penyewe: ukibadili sakafu, fenda, mbavu za nyuma, mihimili na buti, umebaki na gari lipi? Si swali la falsafa tu. Mabati mapya yanatengenezwa kwa karibu kila kona ya magari maarufu, na Dynacorn, kampuni ya California, inauza bodi nzima mpya za Camaro na Mustang za zamani. Mtu anaweza kununua bodi tupu na kutaka kuihamishia bamba la namba la gari lililooza kabisa. Hapo anaingia kwenye sheria ya shirikisho ya Marekani, inayofanya kung'oa au kubadili namba ya gari kuwa kosa, isipokuwa pale ukarabati wenyewe unapolazimu. Maoni yangu ni kwamba bodi mpya ni gari jipya, lenye uzuri wake, na liuzwe hivyo.

Injini ya zama nyingine

Injini hizi ziliundwa kwa petroli na oili ambazo hazipo tena. Petroli ya wakati ule ilikuwa na risasi. Risasi ilizuia mlipuko wa mapema ndani ya silinda, na mabaki yake yalizilinda siti za valvu, yaani duara la chuma ambalo valvu ya kutolea moshi hulikalia. Marekani iliipiga marufuku kwa magari ya barabarani kuanzia mwaka 1996. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzoni mwa 2006, na Agosti 2021 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, kutoka makao yake Nairobi, ikatangaza kwamba hakuna tena nchi inayoiuza kwa magari. Hakuna mwenye akili anayeililia, kwa vile ilikuwa sumu kwa watoto. Ila mwenye gari la 1969 anabaki na kazi ya kufanya: hedi ikishushwa, siti laini hutolewa na kuwekwa ngumu. Na injini yenye mgandamizo wa 11 kwa 1, iliyozoea petroli kali ya zamani, inaweza kugonga ikipewa ya pampu ya leo, kwa hiyo wengi hubadili pistoni ili mgandamizo ushuke. Hapo tena nguvu ya asili imepunguzwa ili gari liendesheke.

Oili ni hadithi isiyosemwa vya kutosha. Kemshafti za zamani, yaani mihimili inayofungua valvu, husukuma tapeti bapa, chuma kikisugua chuma, na kinga yao ilikuwa kiungo chenye zinki na fosforasi ndani ya oili. Kiungo hicho kimepunguzwa kwenye oili nyingi za kisasa kwa kuwa kinaharibu kichujio cha moshi cha magari mapya. Kemshafti mpya iliyofungwa na kumwagiwa oili ya kawaida ya dukani inaweza kusagika ndani ya dakika za mwanzo. Utaratibu ni kutumia oili yenye zinki ya kutosha, kupaka grisi maalumu wakati wa kufunga, kisha injini ikiwaka tu kuipandisha hadi mizunguko kama 2,000 kwa dakika na kuishikilia hapo kwa dakika 20 hivi, bila kuiacha inguruma taratibu. Majirani watalalamika. Waache walalamike.

Ethanoli nayo, ambayo petroli nyingi ya Marekani sasa ina asilimia 10 yake, huvuta maji na kula mipira ya zamani. Gari linaloendeshwa mara chache hukuta kabureta imejaa utando na mipira ya mafuta imelegea. Hiyo ya mwisho haivumiliki, kwani petroli hudondokea juu ya chuma cha moto. Mipira yote ya mafuta hubadilishwa, hata iliyo halisi kabisa, na hakuna jaji wa maonyesho mwenye busara atakayekukata alama.

Uzuri uliopita kiasi

Majaji wa maonyesho, kwa upande wao, wana vituko. Viwanda vya miaka ya 1960 havikuwa makini. Rangi ilikuwa na vipele kama ganda la chungwa, sehemu nyingine ilimwagika, nyingine haikufika. Nafasi kati ya mlango na fenda zilipishana. Wafanyakazi waliandika kwa chaki na kalamu za nta chini ya gari kuonyesha kwamba wamekagua. Mafundi wa leo wanaofanya kazi ya kiwango cha juu hunyoosha bodi kuliko kiwanda kilivyowahi, wakapiga rangi ya kisasa yenye kina ambacho rangi ya zamani haikuwa nacho. Katika mashindano ya uhalisi, ubora huo ni kosa. Ndiyo maana utamkuta mtu mzima chini ya gari lenye thamani kubwa akiandika kwa chaki, kwa mwandiko wa haraka, alama za mkaguzi wa mwaka 1970, na akirudishia makusudi rangi iliyomwagika pembeni.

Soko nalo limeanza kuchoka na kung'aa. Januari 2020, huko Kissimmee, Florida, Mustang ya kijani ya 1968 iliyoendeshwa na Steve McQueen kwenye filamu ya Bullitt iliuzwa kwa dola milioni 3.4 kabla ya ada. Ilikuwa na kutu, rangi imechakaa, bodi ina makovu. Bila shaka jina la McQueen ndilo lililobeba bei, lakini hakuna aliyewaza kwamba ingepanda kama ingepigwa rangi. Hata magari yasiyo na nyota wa sinema, yakiwa na rangi yake ya kwanza na viti vyake vya kwanza, sasa huulizwa kwanza kama yanaweza kuachwa yalivyo. Rangi ya kwanza ikikwanguliwa, imekwenda.

Upande wa pili kabisa wapo wasiotaka uhalisi. Hao huchukua umbo la zamani na kulitia injini ya kisasa, breki za diski, kiyoyozi na giaboksi ya gia tano au zaidi. Wenyewe huliita restomodi. Nawaelewa. Magari mengi ya enzi hiyo yalitoka na breki za dramu magurudumu yote, na yale ya kabla ya 1967 kwa kawaida yalikuwa na masta silinda, yaani pampu ya mafuta ya breki, ya chumba kimoja: mpira mmoja ukipasuka, breki zote zimekwenda. Kuliachia gari la nguvu za farasi 300 breki za namna hiyo kwenye barabara kuu ya leo ni kujitafutia. Hata mpenda uhalisi hubadili masta silinda. Lakini kuichukua SS halisi yenye karatasi zake na kuikata ili iingie injini ya kisasa ni uharibifu, wakati Malibu za kawaida bado zipo.

Hesabu za kufufua, kwa gari la kawaida, hazilipi. Kazi kamili hula kwa urahisi zaidi ya saa elfu moja, na karakana nyingi za Marekani hutoza zaidi ya dola 100 kwa saa. Ongeza kurudishia bampa ung'avu na spea. Ndiyo maana wengi hufanya wenyewe, usiku na mwishoni mwa wiki, kwa miaka, na ndiyo maana matangazo ya magari yaliyobomolewa nusu hayaishi.

Wanaofika mwisho wana tabia moja: hawatupi kitu. Masta silinda ya chumba kimoja, kabureta ya kwanza, mikanda iliyokatika ikiwa na namba zake, vyote huwekewa lebo na kutunzwa kwenye maboksi. Kama bloku ya kwanza ilipasuka na gari linatembea na nyingine, ile iliyopasuka hupakwa grisi na kufungwa plastiki. Siku ya kuuza inapakiwa pamoja na gari, maana mnunuzi atauliza habari zake kabla hajauliza kama injini inawaka.